Jiwe la Baba Mkwe Juu ya Sanduku la Spana

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumamosi, tairi la kulia la tela langu lilipasuka pale njia panda ya Usagara, mbele ya watu wote waliokuwa wakisubiri mabasi, na naomba niseme mapema kwamba aibu iliyofuata haikuletwa na barabara, wala na fundi, wala na mtu mwenye husuda. Niliipanga mwenyewe, kwa utaratibu, siku mbili kabla, nikiwa na tepu ya kupimia mkononi.

Mnaonifahamu hapa Kiseke mnajua mimi ni mtu wa kujiandaa. Natengeneza majokofu, kazi niliyojifunza kwa kusoma vitabu na kwa kuharibu majokofu ya watu kadhaa (nililipa yote), na tangu hapo sifanyi jambo bila kulisoma kwanza. Nilipopata tela nilisoma kuhusu matela kwa miezi, nikatazama video mpaka mke wangu akaanza kuniuliza kama nimepanga kuhama nchi.

Tela lenyewe ni la kulala. Nililinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anafunga virago baada ya kuzunguka nalo mbugani na familia yake. Ndani kuna kitanda upande mmoja, kabati upande wa pili, jiko dogo la gesi, na katikati njia ya kupita ambayo mtu mnene huipita kwa ubavu. Watu walishangaa mtu mwenye nyumba yake anataka chumba chenye magurudumu cha nini, na jibu langu lilikuwa moja tu: ukweni.

Nyumbani kwao mke wangu, kijijini mbele ya Misungwi, wanaishika sana heshima ya mkwe. Mimi na mama mkwe hatushikani mikono, hatuli pamoja, hatulali chini ya paa moja, na hatusemeshani ila salamu ya mbali. Likiwapo neno la kuniambia analipitisha kwa mke wangu, hata kama nimesimama pale pale nalisikia, nami najibu kwa njia hiyo hiyo. Ni mama mwema, sina ubaya naye, na kwa miaka kumi na tisa ya ndoa alikuwa hajawahi kunielekezea neno lingine lolote. Sasa nyumba yao ina paa moja. Kila msiba na kila harusi nilikuwa nalala kwenye kiti cha gari, asubuhi naamka shingo imepinda, nasalimia watu nikitazama upande. Tela lilinitoa huko. Nikifika naliegesha nje ya ua, nalala kwangu, kukicha naamka mkwe mwenye adabu zake.

Baba mkwe alipofariki tulikubaliana kwamba kaburi likishajengewa, wakwe tununue jiwe lenye jina lake, na padri aje alibariki. Mama mkwe alisema kitambaa cheusi hatakivua kichwani mpaka jiwe la mumewe liwe mahali pake. Padri akatupa Jumamosi hiyo, saa nne kamili, kwa sababu saa sita alikuwa na ndoa kigango kingine, na akatuambia wazi kwamba tukiikosa tusubiri mpaka baada ya Pasaka. Mama mkwe alikuwa ameshavaa kitambaa kile kiangazi chote na vuli yote. Mimi ndiye mkwe mkubwa, na jiwe lilichongwa mjini, kwa hiyo kazi ya kulifikisha ikawa yangu. Nilifurahi. Nilijua nina chombo.

Basi Alhamisi jioni nikaanza kupanga vifaa. Nilikuwa navyo vyote, na nasema hivi bila majivuno kwa sababu majivuno yaliishia Usagara. Wili spana ya nati za tela, maana nati zake ni ndogo kuliko za gari na ile ya gari haizishiki (hili wengi hawalijui mpaka wakwame). Ubao mgumu wa kuweka chini ya jeki ili isizame kwenye vumbi. Beringi mpya za magurudumu, kopo la grisi, riveti na koleo lake la kuzibana, gundi ya kuzibia paa likivuja, balbu za taa za nyuma, fyuzi, waya, tepu ya umeme, pampu, vijiti vya kuzibia pancha, kamba ya kuvutia na pembetatu mbili za kuonya magari. Kulikuwa na kitu kimoja kidogo zaidi. Kila gurudumu la tela nilikuwa nimelifunga nati moja ya kuzuia wezi, ambayo haifunguki kwa spana yoyote mpaka uivalishe ufunguo wake, kipande cha chuma kinachotosha kiganjani. Nacho nikakitia sandukuni, nikafunga sanduku kwa kufuli.

Nilichokuwa nimesoma ni kwamba vitu vizito vikae chini na katikati, juu ya ekseli, la sivyo tela litayumba. Na tela langu lina shimo chini ya sakafu, hapo hapo juu ya ekseli, lenye mfuniko. Sanduku la spana liliingia humo kama limepimiwa (lilipimiwa). Mke wangu alikuwa anakunja mashuka.

"Baba Kulwa, jiwe litakaa wapi?" akauliza.

"Katikati, juu ya mfuniko."

"Na spana ziko wapi?"

"Chini ya mfuniko."

Akanitazama kidogo, akaendelea kukunja mashuka. Nilikuwa na maelezo ya kutosha kuhusu uzito na ekseli, tayari kabisa, lakini hakuniuliza.

Ijumaa ndugu zake walilipakia jiwe, kilo kama mia na ishirini, wakalilaza juu ya vibao viwili katikati ya kitanda na kabati, likafunikwa shuka jeupe. Baba mdogo wa mke wangu akatupa maagizo ya ukoo wao: jiwe likishapakiwa haligusi ardhi mpaka lifike kaburini, halihamishwi gari, na halishikwi na mkono wa mtu asiye wa familia. Nikasema sawa, kwa nini lishushwe?

Asubuhi tukatoka vizuri. Tulipita mjini, Igogo, Mkuyuni, Buhongwa, tela limetulia nyuma kama ng'ombe aliyezoea kuvutwa, nikawa namwambia mke wangu ameona faida ya kupanga uzito. Usagara nikakanyaga kipande cha chuma. Mlio wake uliwafanya wauza mahindi wainame. Nikasogeza gari pembeni, nikashuka, nikatazama. Tairi lilikuwa limechanika ubavuni, hakuna cha kuziba pale, na spea ilikuwa nyuma imening'inia, nzima, imejaa upepo. Nikasema moyoni hii ni kazi ya dakika kumi na tano. Nikafungua mlango wa tela nichukue vifaa, nikaliona lile jiwe.

Nikaufunga mlango, nikaufungua tena, jiwe lilikuwa pale pale.

Jambo la kwanza ni pembetatu, na zilikuwa chini ya jiwe. Sasa Krismasi iliyopita nilimsema sana mwanyumba wangu Magesa, yaani yule aliyemwoa mdogo wake mke wangu, kwa sababu gari lake liliharibika njiani akavunja matawi ya miti akayatandaza barabarani kama alama. Nilimwambia mbele ya watu kwamba huo ni ushamba. Basi nikavuka barabara, nikavunja matawi, nikayatandaza. Kisha nikatoa jeki ya gari kwenye buti, ikafaa. Wili spana ya gari, kama nilivyojua kuliko mtu yeyote pale Usagara, haikufaa. Dereva wa lori la nyanya aliyekuwa anakunywa chai akanionea huruma akaniletea yake. Nati ya kwanza ikalegea, ya pili, ya tatu, ya nne. Ya tano spana ikazunguka hewani.

Yule dereva akainama, akaitazama.

"Mzee, hii moja ni ya benki?"

Nikamweleza kwamba ni ya kuzuia wezi. Akaniuliza ufunguo uko wapi. Nikamwambia uko ndani. Akaniambia basi ulete. Nikamwambia uko chini ya jiwe la kaburi. Alirudi kwenye chai yake, na mara nikasikia kule kibandani watu wanacheka.

Hapo ndipo ilipofika Noah ya Magesa. Walikuwa wametoka Igogo, kwake, ambako mama mkwe alilala usiku wa kuamkia siku hiyo baada ya kwenda hospitali kupima presha (Magesa mwenyewe akalala kwa jirani). Gari lilijaa masufuria ya shughuli, mke wake Mama Happy mbele, na nyuma, katikati ya masufuria, mama mkwe na kitambaa chake cheusi. Nilimwamkia kwa mbali nikiwa nimeinamisha macho, akaitikia kwa mbali akiwa ametazama ziwa, ingawa ziwa halionekani kutoka pale. Magesa akashuka taratibu. Ana tumbo kubwa na furaha kubwa. Akayatazama matawi, tawi moja moja.

"Kaka," akasema, "haya nani kayaweka? Huu si ushamba huu?"

Nikamweleza hali ilivyo. Alicheka mpaka akashika boneti, halafu alipotazama saa akaacha. Saa mbili ilikuwa imeshapita, na mbele kulikuwa bado na barabara ya vumbi ya kuingia kijijini.

Tukaanza kutafuta njia. Vijana wa stendi walijitolea kulishusha jiwe, kumi kwa mara moja, lakini haligusi ardhi na hao si familia. Kulihamishia kwenye Noah haikuwezekana hata kama mila ingeruhusu, kwa sababu ya masufuria. Kulivuta pembeni hakukuwa na pembeni, njia ile ni upana wa jiwe lenyewe. Nikasema, kwa sauti ya mtu anayefikiri kisayansi, kwamba tunaweza kulinyanyua tukaliweka kitandani kwa dakika mbili. Mke wangu akanigeukia.

"Jiwe la baba yangu uliweke kwenye kitanda chetu?"

Nikafuta pendekezo hilo.

Ikabaki njia moja: watu wanne wa familia waingie ndani, kila mmoja ashike kona, walinyanyue jiwe mpaka kiunoni na kulishikilia hewani, wa tano apite chini yake afungue mfuniko. Wa tano lazima awe mimi, kwa kuwa Magesa na tumbo lake asingepita. Wa kushika tukahesabu: Magesa, mke wangu, Mama Happy. Watatu. Tukatazamana. Mama mkwe alikuwa amesimama karibu na Noah, amesikia kila neno, naye akamwita mke wangu.

"Mwambie mumeo nitashika mimi."

"Mama, humo ndani ni chumbani kwake," mke wangu akasema kwa sauti ya chini. "Analala humo."

"Najua analala humo. Ni mume wangu huyo amelazwa humo sasa hivi. Nilimbeba miezi minne akiumwa, nitashindwa jiwe?"

Mke wangu akanigeukia kuniambia. Nikamwambia nimesikia.

Nataka mwelewe ninachokisema. Tela lile nililinunua, nikalivuta, nikalisomea miezi, kwa ajili ya jambo moja, nisiwe chini ya paa moja na mama yule. Sasa alikuwa anapanda ngazi zake. Na chumba nilikuwa sijakiandaa kwa mgeni. Kwenye kamba niliyofunga juu ya kitanda palikuwa na bukta yangu ya kulalia, ya zambarau, ambayo mpira wa kiunoni ulikuwa umelegea na nimeubana kwa pini, imening'inia usawa wa uso wa mtu wa kimo chake. Kona iliyobaki ilikuwa ile ya chini ya kamba. Akasimama hapo. Hakuitazama, lakini kutoitazama kwake kulionekana.

Wakanyanyua. Nikaingia chini kwa magoti, nikapita kati ya miguu ya Magesa na miguu ya mama mkwe, nikafungua mfuniko, nikalivuta sanduku, likanasa. Nilikuwa nimelipima litoshe kabisa, na lilitosha kabisa, halikuwa na nafasi hata ya vidole. Nikaona nilifungue humo humo nitoe ule ufunguo tu. Lina kufuli. Ufunguo wa kufuli ulikuwa kwenye gari, kwenye suichi, pamoja na ufunguo wa kuwashia.

"Mwambie mumeo afanye haraka," sauti ya mama mkwe ikasema juu yangu.

"Mama anasema ufanye haraka," mke wangu akasema.

"Mwambie nafuata ufunguo kwenye gari."

"Anasema anafuata ufunguo kwenye gari."

"Si tulikuwa tunafuata ufunguo humu?" mama mkwe akauliza.

"Mama anauliza..."

"Nimesikia, Mama Kulwa."

Wakalishusha jiwe kwenye vibao vyake, nikatoka kinyumenyume, nikaenda kwenye gari. Waliokuwa wanasubiri basi la Shinyanga sasa walikuwa wamesogea mpaka mlangoni mwa tela, na mama mmoja muuza miwa akanipisha kwa heshima kama anavyopishwa mfiwa. Nikarudi na ufunguo. Wakanyanyua tena, na safari hii mikono ilikuwa imechoka na ina jasho. Nikaingia chini, nikafungua kufuli, na kwa kuwa kila kitu nilikuwa nimekitia kwenye mfuko wake nikaanza kutoa mifuko: riveti, balbu, fyuzi, beringi. Kile kipande kilikuwa chini kabisa, kwa sababu ni cha chuma, na vitu vizito vikae chini. Nikaingiza mkono mpaka begani, shavu langu liko sakafuni, kichwa kiko chini ya jiwe, upande wa Magesa.

Hapo kona ya Magesa ikateleza.

Sikuiona. Nilichokisikia ni sauti ambayo sikuijua kwa sekunde nzima, kwa sababu ilikuwa haijawahi kuelekezwa kwangu.

"Baba Kulwa, toa kichwa!"

Nikakitoa. Jiwe likashuka upande wa Magesa mpaka karibu na sakafu, pale pale ambapo shavu langu lilikuwa, halafu likasimama, kwa sababu mama mkwe alikuwa ameliegemeza kona yake gotini na amelikumbatia, miguu ameipanua kama mtu anayezuia ng'ombe. Magesa akalishika tena. Mimi nilikuwa nimekaa kwa makalio, nimeegemea kabati la vyombo, mkononi nimeshika ule ufunguo wa nati, na bukta ya zambarau ilikuwa imedondoka begani kwa mama mkwe.

Mke wangu alitaka kuitoa lakini mikono yake ilikuwa na jiwe. Mama Happy vivyo hivyo. Nikainuka, nikaitoa mimi. Sijui kama katika ukoo ule kuna mkwe mwingine aliyewahi kufanya hivyo.

Gurudumu nililibadilisha haraka kuliko nilivyowahi kufanya chochote. Vijana wa stendi walitaka kunisaidia, nikakataa. Nilihitaji kuwa na kitu cha kutazama kisicho mtu. Tukaondoka. Tulipofika barabara ya vumbi mabega ya mke wangu yakaanza kutikisika, nikadhani analia, nikamtazama, alikuwa anacheka bila sauti huku amejiziba mdomo kwa khanga.

Tulifika saa nne kasoro dakika tano. Padri alikuwa amesimama karibu na gari lake ameshavaa stola yake shingoni, anatazama barabara. Jiwe likashushwa na ndugu, likapelekwa moja kwa moja kaburini bila kugusa ardhi, likasimikwa, likabarikiwa. Mama mkwe akapiga magoti mbele yake, akafungua kitambaa cheusi polepole, akakikunja. Nywele zake zilikuwa zimekuwa nyeupe zote. Nilikuwa nimesimama mbali, mahali pa mkwe, lakini niliona.

Mchana, baada ya chakula, wazee wakaniita. Magesa alikuwa ameshawasimulia, kwa kunihurumia, akaongeza na mambo ambayo hayakutokea. Baba mdogo wa mke wangu akasema shauri lenyewe halina utata: mama mkwe ameingizwa chumbani mwa mkwe wake, na neno limesemwa kati ya wawili wasiosemeshana. Sanduku lilipangwa na nani? Nikasema na mimi. Faini ni mbuzi mmoja, atoe mkwe. Nikasema naafiki. Na kweli niliafiki, hukumu ilikuwa ya haki kuliko nyingi nilizowahi kusoma.

Kisha mke wangu akaja kutoka kwa akina mama, akapiga goti mbele ya wazee, akasema ametumwa.

"Mama anasema kuingia chumbani kulitokana na sanduku, na sanduku ni la mkwe wake, hilo alipe. Lakini neno alilisema yeye mwenyewe. Anasema hakuona mtu wa kumpitishia. Nusu ya mbuzi ni yake, na msimrudishie."

Wazee walijadiliana kwa Kisukuma kwa muda, wengine wakisema haijawahi kutokea mama mkwe kulipa, na mwisho mmoja wao akauliza kama kuna aliyewahi kusikia jiwe la kaburi juu ya sanduku la spana. Wakakubali.

Siku hizi vifaa vyangu viko nje, kwenye sanduku la chuma nililofungia mbele ya tela, karibu na mahali linapoungana na gari, na ufunguo wa zile nati uko kwenye kisanduku cha dashibodi ya gari pamoja na tochi. Kabla ya safari, tela likishajaa kabisa, najiambia tairi limepasuka, nashuka, na nikilazimika kusogeza hata shuka moja ili kuifikia wili spana, nashusha vyote naanza upya. Magesa akinikuta nafanya hivyo hukaa kwenye kiti akatazama kama mtu anayetazama mpira. Uzito unaongezeka kidogo mbele, najua, nimesoma. Bukta ile niliichoma.

Mama mkwe hajanisemesha tena. Nikifika anaitikia salamu yangu akitazama upande wa ziwa, na likiwapo neno linapita kwa mke wangu.

Tairi nilinunua shilingi laki moja na elfu thelathini. Mbuzi alikuwa elfu tisini, na elfu arobaini na tano kati ya hizo zilitoka kwenye pindo la khanga ya mama mkwe. Kwa hiyo hasara yangu mimi, mkwe mkubwa, ni shilingi laki moja na elfu sabini na tano, na kichwa ninacho.